Udongo wa fedha na wa shaba kwa anayeanza: shalumo, tanuru au mbabula?

Binti_Katuba
Habari zenu wakubwa. Niko Lubumbashi, nataka kuanza kutengeneza hereni na vidani kwa udongo wa metali (unga wa fedha au shaba uliokandwa kwa gundi na maji, ukichomwa inabaki metali tupu). Kwa kuchomea naona njia tatu: shalumo ndogo (kifaa cha mkononi cha kurusha mwali) ya gesi ya butani, tanuru dogo la umeme, au mbabula ya makala (jiko la mkaa) iliyopo nyumbani. Nianze na ipi? Na ile seti kubwa ya vifaa wanayouza mtandaoni, inafaa?

FundiKamalondo
Dada, shalumo, mradi unaanza na fedha. Art Clay Silver, aina mojawapo ya udongo wa fedha, huiva kwa nyuzi 650 za Selsiasi ndani ya dakika 30, au nyuzi 800 ndani ya dakika 5, na shalumo ya jikoni inafika huko bila taabu. Kipande kisizidi gramu 25 wala ukubwa wa sarafu. Zaidi ya hapo ukipasha upande huu, ule unapoa.

Chomea penye mwanga hafifu ili uone rangi. Kwanza utatoka moshi na mwali mdogo: ni gundi iliyomo inaungua, usishtuke. Kipande kitageuka cheupe, kisha kitang'aa rangi ya chungwa iliyofifia. Hapo ndipo uanze kuhesabu, dakika 2 kwa kipande cha chini ya gramu 5, moto ukizunguka muda wote. Uso ukianza kumetameta kama kioo, ondoa moto papo hapo. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 961.

Wala usiende kwa wachomeleaji kuazima shalumo ya oksijeni na asetilini. Moto ule unapita nyuzi 3,000. Ukingo utayeyuka kabla katikati hakujaiva.

Mama_Tanuru
Kwa hereni nakubali. Pete na bangili ni habari nyingine, maana zinagongwa kila siku: zipe nyuzi 900 kwa saa 2, na muda huo hakuna anayeshikilia shalumo kwa mkono, ni kazi ya tanuru. Kipande kisichoiva ukikikunja kinakatika kama biskuti. Kinaweza kurudishwa motoni, mradi hakijavunjika.

Ila kabla ya kulipia tanuru soma kibandiko cha nyuma. Mengi ya Marekani ni ya volti 120. Ukilichomeka kwenye 220 zetu, nyaya zinapokea nguvu zaidi ya mara tatu, zinakatika. Hata la 220 linasumbuka umeme ukishuka: kwenye volti 180 linabaki na theluthi mbili tu za nguvu yake, na huenda lisifike 900 kabisa. Chukua lenye kidhibiti kinachoanza kuhesabu muda baada ya joto kufika, si lenye saa tupu. Umeme ukikatika katikati, fedha haiharibiki. Ukirudi unaanza upya.

Mchanga_Mwekundu
Mbabula sahau. Hujui ina nyuzi ngapi, majivu yananata, na ukipepea kidogo kipande kinayeyuka. Tena usidhani makala ya kupikia yatafaa kwa udongo wa shaba. Aina nyingi za shaba huchomwa ndani ya kisanduku cha chuma kisichoshika kutu, zimefukiwa katika makaa maalumu ya vifuu vya nazi, yale ya kuchujia maji, ili hewa isiifanye nyeusi. Na hapo tanuru ni lazima. Art Clay Copper ndiyo huchomwa wazi, nyuzi 970 kwa dakika 30, kisha inatumbukizwa majini ikiwa bado moto ili magamba meusi yabanduke.

FundiKamalondo
Seti kubwa usinunue, pesa weka kwenye udongo. Kipande cha bomba la PVC la sentimita 20 ndiyo mpini wa kusukumia. Karata nne kila upande wa udongo zinakupa unene wa milimita 1 hivi. Chini tandika mfuko wa plastiki wa kuwekea karatasi, uupake mafuta ya zeituni kidogo sana. Yakizidi, udongo unaachana tabaka kwa tabaka. Tundu la hereni toboa kwa mrija mwembamba, milimita 3 kutoka ukingoni, maana kipande kizima kinasinyaa asilimia 8 hadi 10. Vya kununua kweli ni viwili: tofali jepesi la kuhimili moto na brashi ya waya wa shaba nyeupe (brass). Brashi itumie na maji ya sabuni, la sivyo inaacha rangi ya njano juu ya fedha.

Kabla ya kuchoma, weka kipande juu ya kioo baridi kwa sekunde kadhaa. Ukikiinua ukaona ukungu, bado kina maji, na mvuke utakipasua. Msasa piga sasa, namba 400 kisha 600, kikiwa bado laini. Vumbi lake kusanya, changanya na maji, ni gundi yako ya kuungia.

Mama_Tanuru
Hilo vumbi la fedha lisikutane na la shaba. Zikichanganyika huanza kuyeyuka kwa nyuzi 779, chini ya joto unalochomea. Msasa, brashi na plastiki viwe pea mbili, na uziandike.

Binti_Katuba
Asanteni sana. Basi shalumo na pakiti ya gramu 10. Na malakiti, lile jiwe la kijani la hapa kwetu, naweza kuipachika kabla ya kuchoma?

Mchanga_Mwekundu
Hapana. Malakiti huanza kuoza kwenye nyuzi 200 na kitu, inageuka unga mweusi. Tengeneza kikombe chake ndani ya udongo, kipana zaidi ya jiwe kwa asilimia 12 hivi, choma, safisha, halafu ligandishe jiwe kwa gundi ya epoksi. Zirkonia, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, ni mojawapo ya machache unayoweza kuchoma pamoja na udongo, na hiyo iache ipoe yenyewe. Ukiitia majini inapasuka.