Binti yangu ameitwa kurusha ndege ya kuhesabu wanyama. Nimwambie nini?

Baba_Akinyi, Lambwe

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mkulima huku Lambwe, Homa Bay, na shamba langu linatazamana na ua wa mbuga ya Ruma. Binti yangu, kifungua mimba, alipata leseni ya urubani wa biashara mwaka jana. Tuliuza ng'ombe na kipande cha shamba, shangazi zake wakachanga. Sote tulidhani ataingia ndege za abiria, avae lile shati jeupe lenye mistari mabegani. Sasa ameniletea habari kwamba kuna watu wa uhifadhi wanaotaka kumchukua akajifunze kazi yao: kuhesabu wanyama, kutafuta kambi za majangili, kubeba askari wa wanyamapori. Amefurahi mpaka hali chakula.

Mimi sijafurahi. Ndege ndogo ya aina hiyo huja kwetu mara moja moja, na ikipita bondeni nasoma herufi za ubavuni mwake. Siku moja ilikata kona karibu na kilima, bawa moja likaelekea mbinguni, jingine likaelekea kwa ng'ombe wangu. Nikashika kichwa. Nikimfikiria Akinyi ndani yake usingizi unaniruka, na mama yake hataki hata kusikia.

Nauliza wanaoijua kazi hii. Ni kazi ya mzazi kuitolea baraka? Na kwa nini lazima waruke chini vile? Nataka kumjibu kabla ya Jumapili.

Rubani_Mstaafu, Nakuru

Baba Akinyi, pokea salamu kutoka Nakuru. Nimefanya kazi hiyo hiyo mpaka macho yaliponikataza, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Univumilie.

Nianze na kuruka chini, maana hofu yako iko hapo. Katika sensa ya sampuli, ile inayohesabu sehemu tu ya eneo kisha kukadiria jumla, rubani hushika mita kama 90 au 100 kutoka ardhini. Anafuata mstari ulionyooka mpaka mwisho wa eneo, anageuka, anarudi kwa mstari mwingine kilomita kadhaa kando, na hivyo hivyo tangu alfajiri. Kwenye mihimili ya mabawa hufungwa vijiti, viwili kila upande. Mhesabuji wa kiti cha nyuma hutazama kati ya vijiti viwili vya upande wake, na mnyama aliye nje ya hapo hahesabiwi hata kama ni ndovu. Sasa tazama: rubani akipanda kidogo, ukanda ule wa ardhi ulio kati ya vijiti unapanuka. Akishuka, unabana. Akiinamisha bawa, upande mmoja unaona vingi na mwingine vichache. Kwa hiyo hesabu ya wasomi wote wale wa Nairobi imelala kwenye mikono ya mtu mmoja anayeshikilia usukani kwa saa nne bila kulegea. Kazi yenyewe ni hiyo. Vijana wengi huijia wakidhani ni kufukuza majangili, na wanaoidumu ni wale wanaoweza kurudia jambo moja vizuri siku nzima.

Na manufaa yake uko nayo hapo. Sensa ya kitaifa ya 2021 ilihesabu korongo 15 tu. Nasema yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, wa huko kwenu Ruma. Kumi na watano, Kenya nzima. Mnyama akifika hapo, kumkosa mmoja kwenye hesabu si jambo dogo.

Hatari ipo, sitakuficha. Tarehe 10 Januari 1959 huko Serengeti, kijana Mjerumani Michael Grzimek alifariki baada ya ndege yake kugongana na tai mla mizoga. Alikuwa na miaka 24, na walikuwa wakihesabu wanyama pamoja na baba yake, Bernhard. Kijana alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na miaka mingi baadaye baba naye akalazwa kando yake. Kila rubani wa kazi hii anapaswa kuijua habari hiyo, na naona mzazi pia.

Kwetu Nakuru niliyekuwa nikimwogopa ni mwari, yule ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo. Wanazaliana ziwa Elmenteita, kisha jua likishaipasha ardhi wanavuka kilima kuja kutafuta samaki ziwa Nakuru. Wanazunguka wakipanda na hewa ya moto. Wakikugeuzia tumbo unawaona weupe, wakigeuka tena wanapotea machoni, kama mtu amewafuta. Mmoja anaweza kufika kilo 10 na zaidi. Aliyenifundisha aliniambia: ukikutana nao uso kwa uso, panda, maana wao wakishtuka hukunja mabawa na kuanguka chini. Na uwe umemaliza kazi yako kabla ya saa 4 asubuhi.

Lakini kinachoua zaidi ni ile kona uliyoiona. Ndege ikiinama digrii 60 huku ikishikilia kimo chake, bawa linabeba mzigo mara mbili, na ule mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linashika hewa unapanda kwa asilimia 40 hivi. Ukiwa mita 3,000 una nafasi ya kurekebisha. Ukiwa mita 90 huna. Nilikuwa na mpiga picha siku moja, tukaona nyati amenaswa na waya mguuni. Akasema, "Zunguka tena, karibu kidogo." Nikazunguka. "Kidogo tu." Nikakaza kona, jicho langu kwa nyati, na king'ora kinachoonya kwamba bawa linakaribia kuachia hewa kikalia. Mkono ulisukuma usukani mbele kabla akili haijaamka. Tulipotulia niliona majani ya mgunga, yale madogo madogo, kila moja peke yake. Mpiga picha hakujua lolote. Alikuwa akibadilisha lenzi.

Tangu siku hiyo sijamzunguka mnyama karibu na ardhi. Unampita kwa mstari, unaweka alama kwenye GPS, unakwenda mbele, unapanda, unageuka huko juu taratibu, kisha unarudi kwa mstari. Inachukua dakika tatu zaidi. Mwambie Akinyi abiria yeyote akisema "kidogo tu", jibu ni hapana, hata akiwa mkubwa wake wa kazi.

Kuhusu hao wanaomwita: leseni yake ya biashara inamaanisha ana kama saa 200 angani, na nyingi kazirukia akiwa juu, kwenye viwanja vyenye lami. Huko ataanza upya. Huenda akapewa ndege ya gurudumu la mkia, kama Super Cub au Husky, kwa sababu propela yake hukaa mbali na mawe na matuta. Hizo zikigusa ardhi hutaka kugeuka ziangalie zilikotoka, na miguu ya rubani lazima ifanye kazi mpaka injini izimwe. Kwa hiyo aulize atakaa na mwalimu muda gani kabla ya kuachiwa. Wakimwambia wiki moja, arudi nyumbani. Aombe kuona kitabu cha matengenezo, na amtafute fundi azungumze naye akiwa peke yake. Niliwahi kuajiriwa mahali ambapo ukaguzi wa kila saa 100 uliandikwa kitabuni wakati vifuniko vya injini havijaguswa, vumbi bado liko kwenye skrubu. Niliondoka wiki hiyo bila mshahara na sijajuta. Tena aulize nani huwa redioni. Ukiruka porini lazima kuwe na mtu anayengoja sauti yako kila nusu saa, na anayejua la kufanya asipoisikia.

Nyar_Nyakach

Baba Akinyi, mimi ni mtu wa kiti cha nyuma. Nimehesabu kwenye sensa mbili. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikamwomba Mungu anichukue, maana unatazama chini kati ya vijiti huku ardhi inakimbia na joto linaipiga ndege kutoka chini. Rubani wetu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu. Alitaja kwa sauti kila mwanzo na mwisho wa mstari, hakupandisha sauti hata mara moja. Siku ya tatu tuliamka saa 11, tukavaa, tukafika uwanjani, akatazama ukungu uliokaa kwenye mlima, akasema leo hatuendi. Mkuu wa kambi alinuna kwa sababu mafuta na posho za siku vilikuwa vimeshalipwa. Dada yule akatandika leso chini ya bawa akala ndizi yake. Tangu hapo namwamini na roho yangu.

Nyongeza: hakikisha mkataba una bima ya maisha na inayolipia kuokolewa kwa ndege. Usomeni pamoja, msisaini mlangoni.

Kijana_wa_Milimani, Kisumu

Kwa heshima, wazee, je, droni hazitaimaliza kazi hii? Mzee ameuza shamba kwa ujuzi utakaokufa miaka kumi ijayo.

Rubani_Mstaafu, Nakuru

Swali zuri, mwanangu. Kwa Ruma, yenye kilomita za mraba 120, droni inaweza kusaidia sana, na Akinyi ajifunze hata hiyo. Leseni ya droni hutolewa na mamlaka ile ile ya usafiri wa anga iliyompa leseni ya urubani. Lakini mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, kwa pamoja zinapita kilomita za mraba 20,000. Droni ndogo ya betri hurudi nyumbani baada ya nusu saa. Na askari akiumwa na nyoka porini, droni hiyo haitambeba.

Baba_Akinyi, Lambwe

Asanteni nyote. Jana usiku nilimsomea Akinyi maneno ya mzee, yeye na mama yake, tukiwa jikoni. Sikumwambia ni ya nani. Nikamuuliza: mkubwa wako akikwambia zunguka tena kidogo, utafanyaje? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Baba, mwaka jana kwenye mtihani mwalimu aliniambia nitue na upepo ulikuwa wa ubavuni kupita kipimo changu. Nilikataa, nikazunguka, nikarudi tulikotoka. Nilidhani nimeanguka mtihani. Kumbe ndicho alichokuwa akipima." Hakuwahi kutuambia hilo.

Mama yake aliinua sufuria, akauliza hao watu wana mafundi wangapi.

Tutakwenda naye sote wawili Jumatatu. Mzee wa Nakuru, kuna kitu kingine cha kutazama?

Rubani_Mstaafu, Nakuru

Tazameni kama kuna kijiti cha kupimia mafuta ndani ya ndege, kile cha mbao chenye alama. Kipimo cha kwenye dashibodi hudanganya. Kikiwa na doa la mafuta la siku hiyo na harufu yake bado iko, basi kuna mtu hupanda juu ya bawa kila asubuhi akachovya mwenyewe. Kikiwa kikavu na kina utando wa buibui, mshukuruni mwenyeji kwa chai, mpande matatu mrudi Lambwe.