Golf GTI: kutoka rimu 18, nishuke 17, 16 au 15?

Njia_Panda:
Wakuu, salaam. Nina Golf GTI ya kizazi cha tano yenye rimu 18, tairi 225/40R18. Barabara ninayopita kila siku ina mashimo ya kingo kali. Tairi la mbele kushoto limetoa nundu ubavuni, upande wa ndani, kubwa kama nusu ya limau, na ukingo wa rimu umekunjika. Nikifika mwendo wa 90 usukani unatetema.

Nimeamua kushuka saizi. Nafikiria 225/45R17, 205/55R16 au 195/65R15. Nataka gari linalohimili mashimo, lakini nililinunua kwa sababu linashika kona vizuri, sitaki lianze kuyumba. Mnanishauri nini?

Spana_Kumi:
Mkuu, kabla ya yote, tairi hilo livue leo. Nundu maana yake nyuzi za ubavuni zimekatika, na upepo unazuiwa na mpira mtupu. Haizibwi, haichomelewi, na inaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo.

Sasa saizi. Jambo la kulinda ni kimo cha gurudumu zima, si cha rimu peke yake. Namba ya kati ni asilimia: 225/40 ina ubavu wa milimita 90, yaani asilimia 40 ya upana wa 225. Zidisha mara mbili, ongeza rimu (inchi 18 ni milimita 457), unapata 637. Ukifanya hivyo kwa zote:

225/40R18: kimo 637, ubavu 90
225/45R17: kimo 634, ubavu 101
205/55R16: kimo 632, ubavu 113
195/65R15: kimo 634, ubavu 127

Tofauti haifiki asilimia 1, kwa hiyo spidi ya kwenye dashibodi haitabadilika kwa kiasi cha kukusumbua. Unachobadilisha hapo ni urefu wa ubavu, na huo ndio unaokunja na kumeza shimo kabla rimu haijaguswa. Kwenda 17 unaongeza milimita 11 tu. Kwenda 16 unaongeza karibu 23, robo nzima ya ulichonacho sasa.

BintiWaKona:
Mimi nakushauri 17, na sisemi kwa ajili ya sura ya gari. 225 inabaki 225, upana uleule wa mpira unaoshika lami, na ubavu haujawa mrefu kiasi cha kuchelewesha usukani. Ukiwa na 205/55 utaona tofauti unapoingia kwenye kona kwa kasi: unakata usukani, ubavu unajikunja kwanza, ndipo gari linafuata. Kwa mtu aliyenunua GTI kwa ajili ya kona hilo si dogo. Chukua tairi la 17 lenye ubavu imara na upunguze mwendo kwenye mashimo.

Mpole_Barabarani:
15. Tairi zake zinapatikana kirahisi, ubavu mnene, umemaliza kazi.

Spana_Kumi:
Mpole, 15 haitaingia kwenye gari hili. Diski ya breki ya mbele ya GTI hii ina kipenyo cha milimita 312. Rimu ya 15 ina 381 pale tairi linapokaa, lakini ndani ya pipa la rimu (ile silinda yake) ni pembamba zaidi, na kalipa, kile kifaa kinachobana diski, inakaa nje ya ukingo wa diski. Hakuna nafasi. Golf za kawaida zenye diski ndogo zinavaa 15 bila shida, ndiyo maana watu wanadhani na GTI itakubali.

Na msikimbilie spesa, ile sahani inayowekwa kati ya rimu na habu. Spesa inasogeza rimu kwenda nje, inasaidia pale mikono ya rimu inapogusa uso wa kalipa. Pipa likiwa dogo, ni dogo tu.

Hata 16 ijaribuni kabla ya kulipa. Funga rimu tupu bila tairi, kaza bolti kwa mkono, zungusha taratibu huku unamulika kwa tochi. Nafasi kati ya kalipa na rimu iwe angalau milimita 3, mbele ya kalipa na juu yake. Kisha kumbuka zile risasi za balansi zinazobandikwa ndani ya rimu: mwambie fundi asizibandike kwenye mstari unaopita kalipa. Rimu inaweza kupita salama ikiwa tupu, halafu risasi ikaanza kusaga kalipa ukishatoka kwa fundi.

Mzee_Kabureta:
Mimi naunga mkono 16, ila vijana mnasahau maandishi ya mwisho ubavuni. Kwenye 205/55R16 utakuta 91 au 94. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670. Herufi inayofuata ni mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. GTI inaipita 210, kwa hiyo H iache hata kama huna mpango wa kukimbiza. Linganisha na kibandiko cha mlangoni au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na upepo uujaze kwa kipimo cha saizi mpya, si kile cha 18.

Halafu angalia tarehe. Mwisho wa namba za DOT zilizoandikwa ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (meno) nzima na mpira umeshakauka.

Njia_Panda:
Nashukuru sana wakuu. BintiWaKona nimekuelewa, ila mashimo ya huku huwezi kuyakwepa yote, nakwenda 16. Nimepata seti mbili: moja 6.5J ET50 ya Volkswagen wenyewe, nyingine 7J ET35 ya kampuni nyingine, imependeza zaidi. Zote tundu 5x112, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 112.

BintiWaKona:
Sawa, basi chukua 94V, ubavu wake umekazwa zaidi na utapunguza ule uzembe niliousema.

Spana_Kumi:
Chukua ET50. Namba ya J ni upana wa rimu kwa inchi, na ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa; ET ikipungua rimu inatokeza nje. Rimu yako ya 18 ni 7.5J ET51. Ile 7J ET35, japo ni nyembamba, itatokeza nje karibu milimita 10 zaidi ya ulizonazo, na usukani utavutwa zaidi kila gurudumu moja linapopiga shimo. ET50 inaingia ndani kama milimita 12, inakaa vizuri chini ya bodi.

Pia tundu la kati la Golf ni milimita 57.1. Rimu za kampuni nyingine mara nyingi zina tundu kubwa zaidi na zinahitaji pete ya kujaza nafasi hiyo, la sivyo mtetemo utarudi. Na bolti za Volkswagen, pale chini ya kichwa zinapokaa kwenye rimu, zina umbo la mviringo kama mpira, wakati rimu nyingi za kampuni nyingine zinataka umbo la koni. Ukichanganya, bolti inashika kwa mstari mwembamba tu na inalegea.

Kaza Nm 120 kwa spana yenye kipimo, kwa kukingamisha, gari likiwa limegusa chini. Rudia kupima ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) ipimwe pia, maana shimo lililokunja rimu huenda limegusa na tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu.