Windows 10 imeachwa, laptopu bado nzima: anayehamia Linux apewe programu gani kwanza?

Maalim wa kompyuta, Kisauni (anafungua mjadala)

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mashine za nyumbani zimepewa nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejiandikisha, basi. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, na laptopu za mtumba zilizojaa mjini humu nyingi hazifiki hapo. Kibodi nzima, skrini safi, na Windows 11 haiitaki.

Rai inayozunguka mitaani ni kwamba vituo vya kufundishia vijana kompyuta, na saiba pia, vihamie Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Naiunga mkono. Ninachopinga ni ule mtindo wa kufuta Windows usiku na kumkabidhi mwanafunzi asubuhi mfumo mgeni, programu ngeni na mpangilio mgeni wa faili, vyote kwa mpigo. Akikwama hajui ni kipi kati ya vitatu hivyo kinachomsumbua, basi anailaumu Linux.

Mimi nasema badilisheni programu kwanza, mfumo baadaye. Wekeni LibreOffice ya kazi za ofisi, Firefox ya kuingilia mtandao, VLC ya video na muziki, na GIMP ya picha, kwenye Windows ile ile waliyoizoea. Zote ni za bure, zote zina toleo la Windows na la Linux. Muhula ukiisha, siku mnayoweka Linux Mint (mojawapo ya aina za Linux), mwanafunzi ni kama aliyehamia nyumba mpya akakuta jamaa zake wamekwisha kaa barazani.

Kipenzi changu ni LibreOffice, na ndiyo inayogombewa zaidi, kwa hiyo niieleze. Ilizaliwa 2010 pale baadhi ya waandishi wa OpenOffice, programu ya ofisi iliyoitangulia, walipojitenga. Sasa inatunzwa na The Document Foundation. Malalamiko ninayoyasikia ni mawili. Moja, "wasifu wangu umevurugika mistari." Mara nyingi ni fonti: hati iliandikwa kwa Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft, haimo ndani ya Linux. Weka Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule, na mistari inarudi mahali pake. Times New Roman nayo ina Liberation Serif. La pili, "nimetuma faili, wanasema haifunguki." Hapo programu imehifadhi kwa .odt, aina yake yenyewe ya faili, si ile ya Word. Ingia kwenye mipangilio mara moja tu, iambie ihifadhi kwa .docx, yaani ya Word, siku zote. Na kazi isiyohitaji kuhaririwa itumeni kwa PDF. Mwajiri hajui wala hajali umeiandika na programu gani.

Mwenye rai nyingine aseme. Nawangoja hasa wenye saiba.

Fundi, Mwembe Tayari

Maalim, salamu. Mwisho wako naukubali, mwanzo siukubali. Ukimwachia mtu Windows, Word ya kraki atairudisha jioni hiyo hiyo. Wanakuja kwangu kila leo: "Fundi, niwekee Ofisi." Hajui kuwa ni ya wizi, na hajui kuwa kraki nyingi hukutaka uzime antivirusi kwanza. Ukishazima, kinachoingia ni bahati yako.

Mimi humpa mtu flashi. Linux Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Anajaribu Wi-Fi, anajaribu sauti, akiichomoa flashi Windows yake iko pale pale. Wi-Fi ikigoma, nimejua mapema. Mashine dhaifu naiwekea Mint ya Xfce, ile nyepesi. RAM ya GB 4 inatosha, mpaka ufungue vichupo ishirini vya kivinjari, hapo usinilaumu yakhe. Faili la kuwekea Mint lakaribia GB 3, kwa hivyo tunanakiliana mkono kwa mkono, mtu asichome bando lake bure.

Na programu ya kwanza kwangu ni VLC, si hiyo LibreOffice. Mtu akiona filamu zake na taarabu zake zote zinafunguka bila kudaiwa kodeki (programu za ziada za kufungulia video), roho inatulia. Barua ataandika kesho.

Bi. Mhasibu, Nyali

Mnazungumza kana kwamba vijana wanasoma ili kujifurahisha. Kijana akiitwa usaili hotelini, au kwa wakala wa forodha, anawekewa Excel mbele yake. Makro, yaani amri za kujiendesha zenyewe, zilizoandikwa kwa Excel mara nyingi zinagoma kwenye Calc, ndiyo Excel ya LibreOffice. QuickBooks, programu ya uhasibu, ile ya kuweka kwenye mashine, haina toleo la Linux kabisa. Mtoto wa tajiri atakuwa ameizoea Excel nyumbani kwao. Huyu wa kwetu mnampunguzia nafasi, halafu mnamwambia amepata uhuru.

Maalim, Kisauni

Bi. Mhasibu, hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote na sitaipita kando. Lakini tazama tunachofundisha: fomula za SUM, IF, VLOOKUP, kupanga, kuchuja. Majina ni yale yale kote kuwili. Anayetaka sura ifanane, LibreOffice ina mpangilio wa vichupo juu unaokaribiana na wa Microsoft. Tena Excel ya kwenye kivinjari ni bure kwa mwenye akaunti, na inafunguka hata kwa Firefox ya Linux. Wiki za mwisho za kozi tunaweza kuwapitisha humo.

Kinachogharimu ni intaneti tu. Nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, na darasa zima bado linagawana bando la simu moja. Hilo nalo lingefaa mjadala wake.

Mwenye saiba, Likoni

Mmeniita, nimekuja. Kwangu mashine za wateja zote ni Linux, ila ile ya kaunta nimeiachia Windows. Sikuhama kwa mapenzi ya programu huria. Nilihama kwa sababu ya flashi. Mteja anachomeka, folda zake zote zinageuka shotikati, anayemfuata anabeba ugonjwa ule ule, na lawama zote ni za saiba. Virusi vile vimeandikiwa Windows. Kwenye Linux folda zilizofichwa naziona, namnakilia mteja kazi yake, anaondoka akishukuru.

Ile ya kaunta ni kwa ajili ya Juni, msimu wa kodi. Mwenye mshahara peke yake anajaza moja kwa moja kwenye tovuti ya iTax, hana taabu. Mwenye biashara ndiye anayekuja na fomu ya Excel yenye makro. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni kivinjari tu, haijali uko mfumo gani.

Ila maalim, mteja wa saiba hana muhula. Anataka barua ichapwe aiwahi feri. Huyo utamzoesha nini kwanza, na nini baadaye? Mimi nimeichukua alama ya Writer, ile ya LibreOffice ya kuandikia, nikaipa jina "Andika barua", nikaiweka katikati ya skrini. Hakuna anayeniuliza Word iko wapi.

Mchora mabango na kadi za harusi, Majengo

Na sie je? Photoshop haina toleo la Linux, CorelDRAW vivyo hivyo. Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, inazifungua faili za CDR, yaani za CorelDRAW, lakini maandishi yanahama. Mteja analeta kadi ya mwaka jana abadilishiwe majina, nimwambie tuanze upya? Kwa kijana anayeanza leo Inkscape ni nzuri mno, na wanafunzi wangu nawaanzisha nayo. Rangi za kiwanda cha uchapaji, yaani CMYK, zipelekwe Scribus, programu ya bure ya kupangia kurasa. Lakini mtu mwenye kabati la kazi za miaka msimhamishe kwa amri.

Mzazi, Mtongwe

Mwanangu yuko kidato cha tatu, anasoma somo la kompyuta. Shuleni kwao ni Access ya kuhifadhia data na Publisher ya kupangia machapisho, zote za Microsoft. Nikimuwekea Linux nyumbani si nitakuwa nimemvuruga?

Fundi, Mwembe Tayari

Mama, hiyo Publisher Microsoft wenyewe wametangaza wataiacha Oktoba 2026. Draw ya LibreOffice inafungua faili za .pub, ingawa usitarajie kila kitu kikae sawa. Access ndiyo neno kweli, maana Base ya LibreOffice si mwenziwe. Kwa mtahiniwa naweka mifumo miwili kwenye mashine moja, anachagua anapowasha. Mwambie anakili kazi zake zote mahali pengine kabla hujaniletea.

Bi. Mhasibu, Nyali

Mifumo miwili mashine moja. Mbona hamkuanzia hapo? Vituo vyote vifanye hivyo, mtoto atoke anajua huku na huku. Ila niulize, fundi: hiyo Windows mnayoibakisha, leseni yake ni ya halali?

Fundi, Mwembe Tayari

Ya Windows, ndiyo. Laptopu nyingi za mtumba zilitoka kiwandani na leseni yake ndani ya ubao wenyewe, hata ukifuta diski inarudi. Mambo ya Ofisi ndiyo msiniulize.