MJADALA: Mtihani wa AutoCAD usahihishwe kwenye faili, tuachane na karatasi

Wadau wa ujenzi, usanifu na elimu ya ufundi, naleta hoja hii tuijadili kwa uzito wake. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga ajue anapinga nini: vyuo vyetu, kuanzia VETA hadi vyuo vikuu, visimpe mwanafunzi maksi za uchoraji wa kompyuta, yaani wa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwa kuangalia karatasi aliyoprinti. Mwalimu afungue faili akague kilichomo. Pale ambapo hilo linafanyika tayari, nawapongeza, na ningependa mtueleze mnafanyaje. Vyuo ninavyovifahamu mimi, kinachosahihishwa ni karatasi ya A3 na kalamu nyekundu.

Niko kwenye ofisi ya usanifu na kila mwaka tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Wanakuja na bidii, na wengi vidole vyao vina kasi kweli. L kwa mstari, O kwa mstari sambamba, TR kwa kukata, mkono wa kushoto uko kwenye herufi na kidole gumba kinapiga spesi badala ya kutafuta Enta. Mpe nyumba ya vyumba vitatu asubuhi, jioni ramani iko mezani na inapendeza. Kazi inakwama kesho yake, mteja anapopiga simu kwamba sebule iongezwe sentimita thelathini. Hapo kijana anafuta nusu ya ramani na kuanza upya, kisha anarudia hivyo hivyo kwenye mkato (mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima), kwenye mionekano minne na kwenye paa.

Nieleze faili moja lilivyokuwa. Bweni la ghorofa mbili. Kila kitu kimekaa kwenye leya 0 (leya ni tabaka la mchoro unaloweza kuliwasha au kulizima peke yake): kuta, vitanda, vipimo, hata gridi za nguzo, yaani mistari inayoonyesha nguzo zinakaa wapi. Rangi zimewekwa mstari mmoja mmoja, kwa hiyo huwezi kuzima samani ili mhandisi wa miundo abaki na nguzo tupu. Milango ilianza kama bloku, yaani mchoro mmoja unaorudiwa, lakini zote zimevunjwa zikawa mistari na matao yasiyojuana. Mkadiriaji majenzi akitaka idadi ya milango, ahesabu kwa macho. Kisha nikabofya kipimo kati ya nguzo mbili. Kwenye karatasi kinasomeka 3600. Kwenye orodha ya sifa zake, umbali halisi ulikuwa 3587, na ile 3600 imeandikwa kwa mkono juu ya kipimo cha kweli ili karatasi isomeke vizuri.

Milimita 13 ni kitu kidogo, lakini zizidishe kwa nafasi nane za nguzo, upate zaidi ya sentimita kumi upande mmoja wa jengo. Mhandisi anachukua gridi kutoka kwenye faili, fundi wa saiti anasoma karatasi, na wote wawili wana uhakika wanajenga bweni moja. Kijana aliyechora simlaumu hata kidogo. Alifanya kile kilichompa maksi miaka yote aliyokuwa chuoni: karatasi iwe safi, namba ziwe kamili, unene wa mistari uwe sawa.

Ndiyo maana nasema tunapozungumzia ufanisi kwenye programu hizi tunaanzia mahali pasipofaa. Mafunzo mengi yanayotangazwa ni ya njia za mkato za kibodi. Ni nzuri, na kila mtu azijue, lakini zinakuokolea sekunde. Siku nzima zinaokolewa na mpangilio: templeti yenye leya, mitindo ya maandishi na vipimo vilivyokwisha kuwekwa; bloku ya dirisha ambayo ukiibadilisha mara moja, madirisha yote arobaini yanabadilika; faili moja la gridi lililounganishwa kama rejea kwenye ramani za ghorofa zote, za miundo na za umeme, ukisogeza nguzo humo inasogea kote. Tangu toleo la 2022 AutoCAD ina hata amri ya kuhesabu bloku, COUNT, inayokupa idadi ya milango papo hapo. Haina faida kwa mtu aliyezivunja milango yake.

Na haya si mambo mapya ya kizazi cha sasa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa MIT kule Marekani, alitengeneza Sketchpad, na ndani yake tayari kulikuwa na wazo la mchoro mama na nakala zake: rekebisha mama, nakala zote zinafuata. AutoCAD ilipotoka Desemba 1982 ilikuja na mawazo hayo ya bloku na leya. Hata kabla ya hapo, wachoraji wa meza na tii skwea walikuwa na nidhamu yao. Mhandisi alilaza karatasi yake angavu juu ya ile ya msanifu, gridi juu ya gridi, na wino uliokosewa ulikwanguliwa kwa wembe taratibu karatasi isitoboke. Kosa lilikuwa na gharama unayoiona, kwa hiyo mtu alifikiri kwanza. Kompyuta imeiondoa gharama hiyo kwenye karatasi na kuihamishia ndani ya faili, mahali ambapo mwalimu haangalii.

Pendekezo langu la mtihani ni hili. Mwanafunzi asianze na skrini tupu. Apewe faili lililochorwa na mwingine, zahanati ndogo kwa mfano, na saa mbili. Sogeza gridi C kwa milimita 300. Badilisha madirisha yote ya 1200 yawe 1500. Ongeza choo cha watu wenye ulemavu, mlango wake upitishe kiti cha magurudumu. Toa karatasi mbili, moja ya msanifu na moja ya mhandisi, kutoka kwenye faili hilo hilo. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ofisini; kuchora jengo jipya kuanzia sifuri ni sehemu ndogo ya maisha ya mchoraji. Kila mwanafunzi anaweza kupewa mabadiliko yake tofauti, na tatizo la kunakili faili la jirani likapungua sana.

Sasa niseme kuhusu hoja za upande wa pili, maana nimezisikia mara nyingi.

Kuna wanaosema mteja analipia ramani, halipii leya. Kwa mchoraji wa stationery karibu na halmashauri, anayelipwa kwa nyumba, ni kweli kabisa na simpingi. Lakini chuo cha umma hakifundishi kwa ajili ya nyumba za vyumba vitatu peke yake. Shule, vituo vya afya na masoko hukarabatiwa na kuongezwa kwa miaka mingi baada ya mchoraji wa kwanza kuondoka, na wakati huo kinachohitajika ni faili linaloeleweka na mtu ambaye hajawahi kuliona. Likiwa kama lile la bweni, mhandisi analazimika kwenda na tepu kupima jengo upya, na fedha za kumlipa ni za wananchi.

Wengine wanasema AutoCAD imepitwa, tufundishe moja kwa moja Revit au ArchiCAD, programu ambazo unajenga modeli ya jengo zima na ramani zinatoka humo. Nakubali huko ndiko kazi kubwa zinakoelekea. Lakini nimeona mafaili ya Revit ambayo ukuta haukufungwa kwenye kimo cha ghorofa, halafu mtu amechora mistari bapa juu ya mkato ili ukuta uonekane umefika kwenye dari. Kwenye karatasi huoni kitu. Ni tabia ile ile ya 3600 juu ya 3587, ndani ya programu ya gharama kubwa zaidi. Mwanafunzi aliyesahihishwa kwenye faili atahama na nidhamu yake kwenda programu yoyote, hata LibreCAD ya bure ambayo nayo ina leya na bloku.

Hoja ya leseni naigusa kwa haraka. Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, iliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, sasa ni kukodi, na kwa ofisi ndogo bei inauma. Kwa wanafunzi na walimu hali ni tofauti: taasisi zinazotambuliwa zinapata matumizi ya bure ya mwaka mmoja mmoja, na yanahuishwa. Darasa kutumia programu iliyokrekiwa wakati mlango huo upo, kwangu ni uzembe wa uongozi.

Hoja yenye nguvu kweli ni ya mashine na umeme. Vipo vyuo ambako wanafunzi watatu wanabanana kwenye kompyuta moja, na umeme ukikatika kazi inaishia hapo. Hapa siwezi kumwambia mwalimu ajitahidi tu. Lakini hata mtihani wa sasa unahitaji kompyuta hizo hizo, na kurekebisha faili lililopo kunakula muda mfupi kuliko kuchora jengo zima, kwa hiyo mnaweza kupitisha makundi mawili au matatu kwa siku mahali ambapo leo linapita moja.

Inabaki kazi ya kusahihisha. Kwa uzoefu wangu ofisini, faili linasema ukweli wake ndani ya dakika tano: zima leya ya samani uone kinachotoweka, badilisha bloku moja ya dirisha uone kama nyingine zinafuata, bofya vipimo vitatu vinne uone kama kuna namba iliyoandikwa juu. AutoCAD kamili ina pia kifaa cha kulinganisha leya na mitindo ya faili na faili la viwango la chuo, hivyo sehemu hiyo mashine inaibeba. Hata hivyo, dakika tano kwa wanafunzi 60 ni saa tano za mwalimu mmoja, juu ya vipindi vyake vya kawaida.

Kwa hiyo walimu wa somo hili ndio ningependa waanze kuchangia. Saa hizo tano zinapatikana wapi kwenye ratiba yenu, na ni kitu gani mngekubali kukipunguza ili zipatikane? Na wakadiriaji majenzi na wahandisi mnaopokea mafaili kutoka ofisi zetu, tuambieni mnakutana na nini humo ndani.