Tupeane uzoefu: SSD za bei nafuu kwa kompyuta ya nyumbani, mlijuaje kama ni nzima?

BabaPacha58 (Nakuru)

Wadau, habari za Jumapili. Hapa mezani nina SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 240, ya inchi 2.5, bado iko ndani ya nailoni yake. Nimeinunua jana hapa Nakuru kwa elfu tatu na mia mbili. Jina lake silijui, na hata muuzaji alilitamka kama mtu anayesoma dawa. Kando yake zilikuwepo zenye majina, Kingston, Crucial, Samsung, bei ikipanda ngazi kwa ngazi. Mfuko ndio ulioamua.

Kompyuta ni Dell OptiPlex 7010, zile zinazoletwa kutoka ng'ambo zikishastaafu ofisini. RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ni GB 8, diski ni ile ya kuzunguka, GB 500. Binti yangu akitoka shule anabonyeza kitufe, anaenda kuoga, anavaa, anachana nywele, ndipo anarudi kuikuta iko tayari. Nikitazama matumizi ya diski nakuta asilimia 100 na hakuna programu hata moja niliyofungua.

Dukani wamenipa siku saba za kurudisha ikiwa na kasoro. Sasa niambieni: mlizipimaje zenu? Sifa za kwenye boksi nimeshasoma. Nataka yaliyowapata nyinyi.

mama_saiba (Kondele)

Karibu kwa jamii ya wasiosubiri, Baba Pacha. Mimi nina saiba ndogo, mashine sita, kazi ni zile zile: KRA, eCitizen, kuchapa CV, kuskani vitambulisho. Nilipoweka SSD za bei ya chini kwa zote sita, wateja waliacha kunionea huruma. Tano bado zinafanya kazi. Ya sita ilikufa mwezi wa pili, dukani wakabadilisha bila maneno kwa sababu risiti nilikuwa nimeitunza kwenye pochi ya M-Pesa.

Watu wanatishana kwamba SSD "inaisha" ukiiandikia. Inaisha kweli, lakini piga hesabu kwanza. Ndogo zenye majina za GB 240, kama Kingston A400 au Crucial BX500, watengenezaji wameziandikia TBW 80, yaani dhamana inahesabu mpaka TB 80 (GB 80,000) za kuandikwa. Mtu akiandika GB 20 kila siku, Jumapili na sikukuu pia, hiyo ni siku 4,000. Karibu miaka kumi na moja. Mashine yangu inayochapa kazi kuliko zote nimeitazama kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski: TB 11 kwa miaka mitatu. Itaharibika kitu kingine kabla ya hiyo.

Yako isiyo na jina je, imeandikwa TBW yoyote popote? Kama hakuna, hapo ndipo ningekuna kichwa.

BabaPacha58

Nimegeuza boksi pande zote sita, dada. Kuna kasi, kuna picha ya umeme, TBW hakuna.

mwalimu_wa_hesabu (Vihiga)

Nisimulie yangu polepole maana bado inaniuma.

Mwaka juzi nilinunua SSD kama hiyo, GB 256, nikahamishia kila kitu: Windows, alama za wanafunzi, mitihani ya miaka sita, picha za mazishi ya baba. Miezi minane ilienda kama moto wa petroli. Nikaanza kuwasimanga walimu wenzangu ambao mashine zao zilikuwa bado zinakohoa.

Nyinyi wa Nakuru labda hamjui mvua zetu. Hapa kuanzia saa tisa alasiri mbingu inafunga, radi inaanza, na stima inacheza: inapotea, inarudi, inapotea. Siku hiyo ilicheza mara tatu ndani ya dakika moja nikiwa katikati ya kuhifadhi alama za kidato cha tatu. Iliporudi ya mwisho, kompyuta ikawaka ikaniambia haioni pa kuanzia. Nikaingia BIOS, ile menyu ya kompyuta inayokuja kabla ya Windows. Mahali pa jina la SSD yangu palikuwa na maneno ambayo sijawahi kuyaona: SATAFIRM S11. Nilidhani ni kirusi.

Fundi akaniambia hilo ndilo jina ambalo kontrola (chipu inayoongoza SSD) ya aina fulani hujitangaza nalo ikishachanganyikiwa. Imesahau yenyewe ni nani, chipu zina data lakini mlinda mlango amepoteza funguo. Tulijaribu ile njia ya kuipa umeme bila waya wa data kwa nusu saa, kuchomoa, kurudia. Wengine imewasaidia. Kwangu haikufua dafu. Kupeleka kwa wataalamu wa kuokoa data, bei niliyotajiwa ingenunua ng'ombe wa maziwa.

Ile diski ya kuzunguka huumwa kwa sauti: inagonga, inakwaruza, unapata siku mbili tatu za kunakili vitu vyako. SSD inakufa kimya kimya kama taa. Mitihani niliipata nusu kwenye barua pepe. Picha za baba sikuzipata. Sasa nina UPS (betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea) ndogo ya mtumba chini ya meza, na Ijumaa nikimaliza kazi nanakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla sijachukua koti.

mama_saiba

Pole sana mwalimu. Ya picha za mzee imenigusa.

KijanaWaMaseno

Yangu si ya kulia, ni ya aibu. Laptopu yangu ina nafasi ya M.2 (tundu la SSD zile nyembamba za ubao mtupu), nikaona ya bei rahisi, 2280, nikajua 2280 ni milimita 22 kwa 80, nikapima kwa rula, ikatosha. Nikalipa. Ikaingia vizuri kabisa, skrubu ikakaa. Kompyuta haikuiona.

Kumbe nafasi yangu ni ya NVMe tu na niliyonunua ni SATA, njia mbili tofauti za SSD kuongea na kompyuta. Kwa umbo ni ndugu, kwa lugha ni wageni. Tangu siku hiyo naangalia pengo kwenye meno yake: yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe, na kabla ya kutoa pesa nasoma kitabu cha mashine yenyewe mtandaoni. Ya Baba Pacha ni ya inchi 2.5 kwa hivyo hana shida hii. OptiPlex 7010 haina hata hiyo nafasi.

stima_haijarudi

Mnapoteza pesa. RAM kwanza.

FundiBungoma

Mzee wa stima, ukiwa na GB 4 na diski ya kuzunguka, mimi bado nitaanza na SSD. Ile diski kila ikitafuta faili inatumia milisekunde kumi na kitu kwa sababu kuna mkono unaohama kweli na sahani inayosubiriwa izunguke. Windows ikiwaka inatafuta maelfu ya vifaili. SSD haina mkono. Ndiyo maana hata ile mbovu inakupa raha siku ya kwanza, na ndiyo maana raha ya siku ya kwanza si kipimo cha chochote. Baba Pacha yeye ana GB 8 tayari.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita kijana ameniletea "SSD ya TB 2" aliyoletewa na mtu wa tangazo la kwenye simu, elfu mbili na mia tano. Kompyuta inasema TB 2. Anaweka filamu, zinakubali. Anafungua filamu, hazifunguki. Nikaingiza kisu pembeni mwa kasha. Ndani: ubao mdogo kama ukucha wa kidole gumba, kadi ya microSD imebandikwa kwa gundi ya moto, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito ili mkono wako udanganyike. Kontrola imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa. Ukijaza ile nafasi ya kweli, yanayofuata yanaandikwa hewani.

Baba Pacha, kabla hujaweka Windows, ichomeke kama diski ya pili, uiformati, kisha uendeshe H2testw. Ni programu ya bure ya Wajerumani, ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) inaitwa F3. Inajaza diski yote kwa mafaili ya GB moja moja, halafu inasoma tena kuona kama ilichoandika ndicho kilichopo. GB 240 ya kweli Windows itaiita 223, usishtuke, ni tofauti ya kuhesabu kwa elfu na kuhesabu kwa 1,024.

picha_na_harusi (Kakamega)

Na wakati inajaza, usiende zako. Kaa uangalie kasi.

Mimi nahariri video za harusi. Nilinunua SSD nafuu ya GB 480, boksi linasema MB 500 kwa sekunde. Nikamwaga kazi ya Jumamosi moja, GB 90. Mwanzo 430, 440, natabasamu. Ilipofika kama GB 35 ikaanguka mpaka 60 na ikakaa hapo hapo. Diski yangu ya zamani ilikuwa inaenda 110!

SSD nafuu kama hii mara nyingi haina RAM yake ya ndani na chipu ni za kubana data nyingi sehemu ndogo, zile za QLC, kwa hivyo kuna eneo dogo la mbele linalopokea haraka. Ni kama duka la nafaka: magunia yanashushwa upesi pale barazani, lakini baraza likijaa, lori lazima lingoje vijana wayapeleke stoo moja moja. Na diski ikikaribia kujaa, baraza lenyewe linapungua. Kwa barua, intaneti na kazi za shule hutawahi kufika hapo. Kwa kazi yangu, iliuzwa wiki hiyo hiyo, na niliyemuuzia nilimweleza ukweli wote. Anachapa risala za kanisa, ameridhika mno.

stima_haijarudi

Na Windows 10 je? Microsoft walifunga msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo 7010 Windows 11 haiitaki. Umenunua matairi mapya ya gari lililofutiwa leseni.

FundiBungoma

Hapo umesema kweli, kwa mara ya kwanza leo. Aweke Linux Mint. Na SSD si ya 7010 peke yake, siku akipata mashine nyingine anaing'oa anaenda nayo.

BabaPacha58

Nimerudi. Nimeichomeka kwenye soketi ya pili ya SATA, nikaendesha H2testw, nikavuta kiti kama alivyosema wa harusi. Ilianza 410. Kwenye GB 48 hivi ikashuka, ikawa inapanda 90 inashuka 70, mtindo huo mpaka mwisho. Kuandika na kusoma vyote vilichukua kama saa moja. GB 223, hakuna kosa hata moja. CrystalDiskInfo inasema imewashwa mara mbili tu maishani mwake, kwa hivyo inaonekana si mtumba uliooshwa.

Kwa hivyo ni polepole ikibebeshwa, lakini si mwongo. Nabaki nayo. Mint imeingia jioni hii. Kasha la 7010 nilikosa kishikio cha kutosha inchi 2.5, nimeibana kwa selotepu ya pande mbili, haina kinachozunguka kwa hivyo haitikisiki. Diski ya zamani nimeiacha humo humo iwe ya nakala, na Ijumaa ya mwalimu nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani. UPS itangoje mwisho wa mwezi.

Binti ameiwasha saa hivi kujaribu. Hata kandambili za kuogea hajapata, ananiita kuuliza kama kuna kitu nimeharibu, mbona imeshawaka.