MREJESHO: Breki ya gari la umeme iliyokuwa inabonyea kama sponji, imepona

Wakuu habari, nilileta ishu hapa ya gari langu la umeme, pedali ya breki ilikuwa inazama laini tangu nibadilishiwe kalipa za mbele (zile zinazobana pedi za breki kwenye diski), tena ilizidi nikitoka kuchaji full maana betri ikijaa gari halirudishi umeme vizuri kwenye betri wakati wa kupunguza mwendo kwa hiyo breki za mafuta ndo zinabeba mzigo wote.

Jana nimepata fundi mwingine, akakanyaga pedali mara tatu nne haraka ikapanda, akaikandamiza ikatulia bila kuzama, akasema masta silinda (pampu kuu ya breki) ni nzima, huo ni upepo tu ulioingia kwenye mafuta ya breki. Nikamwambia mbona ulishatolewa mara mbili! Akavua tairi akamulika na tochi, kumbe kalipa zilifungwa kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, zile nati za kutolea upepo zinaangalia chini, na upepo unakaa juu, utatokaje?

Tumezibadilisha upande, tukamimina mafuta mapya ya breki, DOT 4, tukatoa upepo mpaka mapovu yakaisha kwenye kimpira kilichochomekwa kwenye nati. Sasa pedali ngumu, inashika juu kabisa. Aliyeniambia hapa nicheki hiyo nati imekaa wapi, Mungu akubariki sana mkuu, nilikuwa naendesha na watoto humo.