Ireland mwezi wa sita: pabu za kweli zenye muziki na matembezi ya siku moja, naombeni muongozo

Kinanda_Majengo

Habari zenu wakuu, mimi nipo Moshi hapa Majengo, mwezi wa sita Mungu akijalia mimi na mama watoto tunaenda Ireland siku 9 kumtembelea dada yangu ni nesi Dublin, amejichanga miaka miwili kutulipia nauli kwahiyo sitaki kabisa hizi siku zipotee bure.

Kinachonipeleka mimi hasa ni muziki. Nilivyokuwa sekondari tulikuwa na padre mmoja Mwairishi, mzee kabisa, jioni akimaliza kusahihisha madaftari anatoa filimbi ya bati anakaa kwenye ngazi za bweni anapiga, yani zile nyimbo zinazunguka zinarudi zinazunguka tena mpaka miguu inataka kunyanyuka yenyewe. Alishafariki. Mimi niliingia kwenye muziki kwa sababu yake, napiga kinanda kwaya ya parokia huu mwaka wa 14, na ninachotaka ni kukaa sehemu ambapo wenyewe wanapiga huo muziki kwa ajili yao, sio onyesho.

Maswali yangu. Dada anasema twende Temple Bar, ule mtaa wa pabu hapo Dublin, ndo kila mgeni anaenda, ila wenzake kazini wanamwambia bei ya pale ni kubwa, nani yuko sahihi? Mke wangu hanywi pombe kabisa, ni kiongozi wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), je akikaa pabu na chai yake ataonekana wa ajabu? Na matembezi, nimeona mtandaoni mabasi yanatoka Dublin alfajiri yanaenda Cliffs of Moher, ile miamba mirefu ya baharini magharibi, yanarudi usiku, na mengine yanaenda Giant's Causeway, yale mawe ya nguzo pwani ya kaskazini, nilikuwa nataka nilipie yote mawili. Bajeti sio kubwa. Asanteni.

Chalii_wa_Sakina

Kaka karibu sana Ireland, mimi nilisoma Galway miaka miwili nipo Arusha saa hizi na hili swali lako limenigusa kwelikweli, ngoja nikwambie ninachokijua.

Temple Bar sio mbaya, pita mchana upige picha, ila muziki wa pale mwingi ni wa spika na nyimbo zile ambazo watalii wanaziomba, na bia moja inaweza kukaribia yuro 10 wakati mitaa mingine unapata kwa 6 hivi. Unachokitafuta wewe kinaitwa sesheni. Hakuna jukwaa, hakuna kiingilio. Watu wanakaa kuzunguka meza moja kwenye kona ya pabu, wa fidla, wa filimbi, wa kodiani, wa banjo, mmoja ana ile ngoma ya ngozi ya mbuzi inaitwa bodhrán anaipiga na kijiti, na ukibahatika unamkuta wa uilleann, hilo ni zumari la mfuko ambalo upepo wanaujaza kwa kiwiko sio kwa mdomo. Wawili watatu wanakuwa wamelipwa na mwenye pabu kushika usukani, wengine wanakuja tu na vyombo vyao baada ya kazi. Na hawaangalii watu kaka, wanaangaliana wenyewe kwa wenyewe, wewe ndo unaingia kwenye maongezi yao. Hizo nyimbo zinazozunguka alizokuwa anapiga padre ni riili na jigi, wanaunganisha mbili tatu bila kusimama, mmoja akiinua kichwa tu wenzake wanajua tunabadilisha.

Sasa ushauri wangu mkubwa ni huu, usikae Dublin siku zote 9. Nenda magharibi ukalale huko. Muziki unaanza kama saa tatu na nusu usiku, na hayo mabasi ya kwenda na kurudi yanakuondoa huko jioni kabla mtu hajafungua hata kasha la fidla, yani unaona miamba unakosa muziki. Galway kutoka Dublin ni masaa mawili na nusu kwa basi au treni. Pale kuna Tig Chóilí katikati ya mji, padogo panajaa, ila sesheni zipo kila siku, na ng'ambo ya mto kuna Crane Bar mtaa wa Sea Road, hiyo ndo niliipenda mimi. Halafu toka Galway panda basi namba 350 la Bus Éireann linapita Doolin na kwenye Cliffs of Moher kwenyewe. Doolin ni kijiji tu, barabara moja na ng'ombe, lakini kina pabu tatu zenye jina nchi nzima, Gus O'Connor's, McGann's na McDermott's, na mzee Micho Russell aliyefanya filimbi ya bati ya Doolin ijulikane duniani alikuwa mtu wa hapohapo, alifariki 1994. Kwa stori yako ya padre mimi ningekwambia lala Doolin siku mbili hata kama utakata vingine vyote.

Dereva_Njiro

Mkuu mimi ni dereva wa safari Arusha, wageni wangu fulani walinialika kwao nikakaa wiki tatu. Naongeza mawili tu.

La kwanza ni MUHIMU. Giant's Causeway ipo Ireland Kaskazini, ile ni Uingereza, viza yako ya Ireland haikufikishi kule. Barabarani huoni kizuizi wala bendera, unashtukia tu vibao vya spidi vimekuwa maili na dukani wanataka pauni, ndo maana watu wanachanganya, ila sheria ni sheria na ukaguzi unaweza kutokea kwenye basi, sasa wewe na mama na pasi za Tanzania mtaeleza nini. Kama huna viza ya Uingereza hilo basi usilipie. Na viza ya Ireland yenyewe sio Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, mtu mwenye Schengen bado anaombea Ireland peke yake. Fomu inajazwa mtandaoni, mwisho inakwambia makaratasi uyapeleke wapi, ya kuingia mara moja ni yuro 60, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na usisubiri dakika za mwisho sababu majibu yanaweza kuchukua wiki 8. Barua ya dada yako na karatasi zake za kazi ziwepo.

La pili, Dublin mpaka Moher kwenda na kurudi siku moja ni kama mtu atoke Moshi aende Ngorongoro arudi Moshi jioni. Inawezekana, nimewapeleka wageni wengi hivyo na nawaona sura zao jioni. Ile miamba imesimama mita 214 kutoka baharini, ni kitu cha kukaa nacho, sio nusu saa halafu dereva anapiga honi. Alichosema chalii hapo juu ni sawa kabisa, ukiwa umelala Doolin unaenda mapema asubuhi kabla mabasi ya Dublin hayajafika, au jioni yakishaondoka, mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku!

Ukitaka kukodi gari wanaendesha kushoto kama sisi, ila vijijini barabara ni nyembamba ukuta wa mawe huku na huku, na makampuni mengi yanataka kadi ya mkopo.

MamaG_Kiborloni

Kaka mwambie shemeji asiogope. Mimi sinywi na nimekaa kwenye hizo pabu na wakwe zangu zaidi ya mara moja, zile sio kama baa zetu, mchana unakuta bibi na wajukuu wanakula supu. Supu yao ya samaki nzito nzito wanaiita chauda, inakuja na mkate wa kahawia na siagi, jamani, ule mkate. Chai wanaipenda kuliko hata bia na hakuna anayekuangalia. Sigara ndani hakuna kabisa, walipiga marufuku tangu 2004 wakawa nchi ya kwanza duniani, kwahiyo hatarudi na nguo zinanuka. Kama mngekuwa na watoto kipindi hicho wanatakiwa kutoka saa nne usiku, basi.

Kwenye pabu za zamani atafute snagi, ni kichumba kidogo ndani ya pabu kina mlango wake na kidirisha cha kupitishia vinywaji, zamani akina mama walikaa humo maana kaunta ilikuwa ya wanaume. Mimi napapenda sana kwa utulivu.

Na kama hataki pabu kabisa, hapo Dublin kuna chama cha muziki wa asili Comhaltas kipo tangu 1951, ukumbi wao uko Monkstown unafika kwa treni ya DART, muulize dada awaangalizie ratiba. Kwa kutembea siku moja kutoka Dublin mpeleke Glendalough, ni bonde lina maziwa mawili na magofu ya monasteri ya Mtakatifu Kevin ya karne ya 6 na mnara mrefu wa mawe, mtu wa WAWATA atasali mpaka machozi yatoke. Kuna basi la St Kevin's linatoka karibu na bustani ya St Stephen's Green. Hilo ndo la kwenda na kurudi, liko karibu.

Meku_Kibosho

Shimbonyi wandugu. Nakubaliana na wote ila chalii usiiseme Dublin vibaya hivyo. Smithfield kuna pabu inaitwa Cobblestone, sesheni ya kweli kabisa kila siku, 2021 walitaka kujenga hoteli hapo juu yake watu wakaandamana mtaani na vyombo vyao vya muziki, wengine wamebeba jeneza, na halmashauri ya jiji ikakataa kibali. Nyingine ni O'Donoghue's ya Merrion Row, bendi ya The Dubliners ilianzia mle ndani miaka ya 60. Kama dada yako kazi zinambana usiku wa kwanza akupeleke Cobblestone, ukifika saa mbili utapata kiti.

Mangi nikupe na njia rahisi ya kuielewa pabu, ichukulie kama kilabu cha zamani cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kule juu mlimani, sio baa. Kila mzee ana kona yake, anayeingia anasalimia wote, habari za msiba na za shamba zinapatikana humo kabla hazijafika kanisani. Kule mji wa Dingle kuna pabu ya Foxy John's ambayo upande mmoja ni kaunta ya bia na upande mwingine wanauza misumari na nyundo, duka la vifaa kabisa, mimi nilijisikia nyumbani. Na kama kwenye mbege kuna utaratibu wa kata, kule kuna raundi, mtu akikununulia kinywaji raundi inayofuata ni yako, hata kama wewe unakunywa soda, usipitilize zamu yako hiyo watu wanaikumbuka. Na Guinness usiichukue ikiwa nusu, wanamimina wanaiacha itulie halafu wanajazia, karibu dakika mbili, kijana wa kaunta akiiacha pale hajakusahau.

Kinanda_Majengo

Mmenisaidia sana, nimekaa na simu nasoma hadi chai imepoa. Ya Giant's Causeway nilikuwa nimebakiza kubonyeza kulipa, Dereva Mungu akubariki.

Chalii nina swali moja limebaki. Ile filimbi ya padre ninayo. Aliniachia. Naijua kidogo, nyimbo kama nne zile zake, ingawa majina sizijui. Naweza kwenda nayo? Ni vibaya mgeni kutoa chombo?

Chalii_wa_Sakina

Kaka beba. Beba kabisa.

Ila fuata utaratibu. Usikae kwenye viti vya ile meza, hata kama viko wazi, mimi nilikaa wiki ya kwanza nikahamishwa kwa upole na mzee wa fidla. Kaa jirani, sikiliza usiku mzima wa kwanza, wanunulie kinywaji wakipumzika, ongea nao. Wape hiyo stori ya padre. Kule kila ukoo karibu una padre au sista aliyekuja Afrika, hata Askofu Byrne wa Moshi alikuwa Mwairishi, watakuuliza huyo padre alitoka kaunti gani na nakuhakikishia hawatakuacha ukiwa umekaa pembeni. Watakwambia toa filimbi. Angalia ni ya funguo ya D, nyingi ndo hizo, nyimbo zao nyingi ziko D na G. Ukiambiwa piga, piga hata moja ya zile nne, polepole, watakudaka.

Na mtu akianza kuimba peke yake bila chombo, nyamazeni wote, hata glasi usiiweke kwa kelele. Kurekodi na simu omba kwanza.

Majina ya nyimbo hangaika na tovuti ya thesession.org, ina noti za nyimbo maelfu na pia inaonyesha sesheni ziko mji gani siku gani. Wewe unasoma noti, zipige kwenye kinanda mpaka uipate ya padre.

Dereva_Njiro

Na ukiwa Galway usiache visiwa vya Aran, basi linakutoa mjini mpaka bandari ya Rossaveel, boti dakika 40 unaingia Inis Mór, kodi baiskeli. Kuna ngome ya mawe ya kale inaitwa Dún Aonghasa iko ukingoni mwa jabali, HAKUNA uzio, mshike mama mkono. Wanaongea Kiairishi kule kama lugha ya nyumbani. Koti la mvua hata kama asubuhi kuna jua, manyunyu yao ni kama yetu ya mwezi wa saba.

Kinanda_Majengo

Basi nimepanga hivi na dada amekubali kwenye simu jana usiku. Siku mbili Dublin, ya kwanza Cobblestone ya pili Glendalough na mama. Halafu Galway siku tatu, moja ya hizo Inis Mór. Doolin siku mbili. Kisha tunarudi kwa dada siku mbili za mwisho, kwenda sokoni na misa ya jumapili parokiani kwake.

Jana hiyohiyo nimetafuta kwenye ile tovuti mpaka saa saba usiku, wimbo wake mmoja nimeupata. Ni jigi, iko D. Mke wangu ametoka chumbani akasimama mlangoni akaniuliza huo ndo ule wa padre?